Pengo Kwenye Ripoti Lina Mwenyewe

Fungua ripoti ya wageni wa tovuti yoyote inayotumia Google Analytics, iwe ya gazeti, ya duka la vitenge au ya chuo, na kabla hujashuka mbali utakutana na mstari ulioandikwa "not set". Maana yake ni kwamba programu ilipata habari kuwa mtu amefika, lakini haikupata cha kuandika kwenye safu husika: mji haujulikani, au kampeni haijulikani, au ukurasa alioingilia haujulikani. Mstari huo una ndugu zake, "direct", "unknown" na "other", na kila mmoja umebeba kitu ambacho programu haikukijua au haikukionyesha. Wenye tovuti wengi huiona mistari hii kama takataka. Wapo wanaoichuja isionekane kabla ya kupeleka ripoti kwa bosi, na wapo wanaoigawa kwa uwiano kwenye mistari yenye majina ili hesabu itimie. Naona njia zote mbili ni makosa, tena makosa yenye gharama, kwa sababu mapengo hayawaangukii wageni wote sawasawa. Huwarudia watu wa aina fulani: wanaosoma kwa simu za bei nafuu, wanaopokea viungo kwenye WhatsApp, wanaoishi mbali na miji mikubwa, wanaokataa kufuatiliwa. Ukilifuta pengo, umewafuta wao.

Ili kuelewa pengo, inabidi kwanza kujua takwimu yenyewe inavyozaliwa. Mwenye tovuti huweka ndani ya kila ukurasa kipande kifupi cha JavaScript. Kivinjari kinapofungua ukurasa, kipande hicho huanza kazi: husoma anwani ya ukurasa, lugha ya simu, ukubwa wa kioo na anwani ya ukurasa mtu alikotoka, hutazama kama kuna kidakuzi, yaani lile faili dogo la kumbukumbu lililoachwa na ziara iliyopita, kisha hutuma kifurushi kwenye seva za Google. Mji hauulizwi kwa msomaji. Hukisiwa kutokana na anwani ya IP. Umri na jinsia navyo hukisiwa, na pale watu wanapokuwa wachache mno mstari wao hufichwa ili mtu asije akatambulika. Kila safu ya ripoti, kwa hiyo, ina njia yake, na kila njia ina mahali pake pa kukatikia. Ndiyo maana swali "mbona data zangu hazionekani?" halina jibu. Swali lenye jibu ni hili: ni thamani ipi iliyokosekana, kwenye ziara zipi, na tangu lini?

Anza na "tangu lini", kwa sababu umbo la pengo kwenye grafu hueleza mengi kabla hujagusa msimbo. Pengo lililozuka siku moja mara nyingi ni kazi ya fundi: tovuti imebadilishwa mwonekano na kile kipande cha JavaScript kikasahaulika kwenye baadhi ya kurasa, au kiungo cha tangazo kimepitishwa kwenye anwani ya kati inayokata gclid, alama ambayo Google Ads huibandika mwishoni mwa kiungo ili ijulikane ni tangazo gani lililobofywa. Pengo lililokuwapo tangu mwanzo kwa ukubwa uleule ni la maumbile ya mfumo. Linalokua polepole mwezi hadi mwezi hufuata mabadiliko ya watu au ya vivinjari. Lipo linaloisha lenyewe, kwa kuwa Google huchukua saa 24 hadi 48 kukamilisha kuchakata takwimu, na anayehangaika leo asubuhi na hesabu za jana jioni anahangaika bure. Lipo pia lisilozibika kamwe kwa siku zilizokwisha kupita. Ukisajili kipimo chako mwenyewe, tuseme jina la mwandishi wa makala, Analytics hukijaza kuanzia siku ya usajili tu, na miezi iliyopita hubaki "not set". Na yapo yaliyoletwa na uamuzi wa makao makuu. Oktoba 2011 Google ilianza kuficha maneno yaliyotafutwa na watu walioingia kwenye akaunti zao, na kufikia Septemba 2013 ikawa inaficha karibu yote; tangu hapo safu ya maneno ya utafutaji ikajaa "not provided". Hakuna fundi awezaye kulirekebisha hilo. Kinachowezekana ni kwenda kusoma maneno hayo kwenye Search Console, zana nyingine ya Google, ambako nako yale yaliyotafutwa na watu wachache mno hayatajwi.

Baadhi ya mapengo, ukiyafuata kwa karibu, hueleza mwenendo wa msomaji kwa usahihi wa kushangaza. Chukua "not set" kwenye safu ya ukurasa wa kuingilia. Msomaji aliyeko Morogoro anafungua makala ndefu saa mbili usiku. Anasoma nusu, simu inaita, anaongea, kisha anaiweka mezani akale. Baada ya dakika 40 anarudi. Ukurasa bado uko wazi, naye anaendelea kuushusha mpaka chini. Kwa Analytics, ziara huhesabika kuwa imekwisha baada ya dakika 30 za ukimya, isipokuwa mwenye tovuti amebadilisha mpangilio huo. Msomaji wetu anahesabiwa ziara ya pili, na tukio la kwanza la ziara hiyo ni kufika karibu na mwisho wa ukurasa. Hakuna tukio la kufungua ukurasa, maana hakufungua chochote upya. Ziara isiyo na tukio la kufungua ukurasa haina ukurasa wa kuingilia, kwa hiyo programu inaandika "not set", na iko sahihi kabisa. Si kila "not set" ya safu hii ina chanzo hicho. Hutokea pia pale mfumo wa malipo unapotuma matukio moja kwa moja kutoka kwenye seva bila kuambatanisha namba ya ziara, na hilo ni kosa la kurekebisha. Lakini fundi asiyetenganisha mambo haya mawili atapoteza siku nzima akitafuta hitilafu isiyokuwepo, na mhariri atakosa kujua kwamba ana wasomaji wanaorudi kumalizia makala ndefu, jambo ambalo mhariri yeyote angependa kulijua.

Kwa Afrika Mashariki, safu yenye mapengo mazito kuliko zote ni ile ya chanzo cha wageni. Mtu anapobofya kiungo kilichoko kwenye tovuti nyingine, kwa kawaida kivinjari hueleza alikotoka, ingawa tangu Chrome toleo la 85, la Agosti 2020, hutajwa jina la tovuti tu bila ukurasa wenyewe. Anapobofya kiungo ndani ya WhatsApp kwenye simu, kivinjari hufunguliwa na programu nyingine. Hakuna ukurasa uliotangulia, na sehemu ya kueleza alikotoka hubaki tupu. Analytics hukosa cha kusoma, ikaandika "direct", sawasawa na inavyomwandika mtu aliyechapa anwani kwa mkono wake. Mwandishi Alexis Madrigal alilieleza jambo hili kwenye jarida la The Atlantic mwezi Oktoba 2012, akionyesha kwamba sehemu kubwa ya makala husambaa kupitia barua pepe na mazungumzo ya faragha ambako hakuna mtandao wa kijamii unaohesabu. Kwetu sisi habari ya gazeti, bei za mahindi na tangazo la nafasi za kazi hupita kwenye vikundi vya ukoo, vya wazazi wa shule, vya vikoba na vya misikiti na makanisa. Mhariri anayeisoma "direct" kama "wasomaji waaminifu wanaoijua anwani yetu kwa moyo" anajidanganya, na matokeo yake huonekana kwenye bajeti: fedha zinakwenda Facebook kwa kuwa Facebook ina jina kwenye ripoti, huku shangazi anayesambaza viungo kila asubuhi kwenye kikundi cha ukoo hahesabiki, hata kama ndiye anayeleta wasomaji.

Jambo hili linaweza kupimwa. Tenga ziara zote za "direct", kisha tazama ukurasa wa kwanza wa kila moja. Aliyeingilia ukurasa wa mbele huenda kweli alichapa anwani au aliihifadhi. Lakini hakuna mtu anayechapa kwa kidole anwani ya makala yenye herufi 60 na vistari vyake. Huyo amepewa kiungo, na kwa mazingira yetu ni rahisi kubashiri amepewa wapi. Dawa yake haihitaji fedha. Kitufe cha kushirikisha kilichoko chini ya makala kiandaliwe ili kiungo kinachotoka nacho kiishie na utm_source=whatsapp&utm_medium=kikundi&utm_campaign=bei-za-mahindi. Alama hizi zilirithiwa kutoka kwa Urchin, kampuni ambayo Google iliinunua mwaka 2005, na uzuri wake ni kwamba husafiri ndani ya kiungo chenyewe, hata kikipita vikundi kumi. Zinahitaji nidhamu, kwani Analytics hutofautisha herufi kubwa na ndogo, ikahesabu WhatsApp na whatsapp kuwa vyanzo viwili, na anayeandika jina la kampeni akasahau chanzo anatengeneza "not set" kwa mkono wake mwenyewe.

Safu ya mji ni ngumu zaidi, kwa sababu hapo thamani inaweza kuwepo na isiwe kweli. Makampuni ya simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani chache za IP, na mara nyingi anwani hizo huonekana kutokea palipo na mitambo mikuu. Msomaji wa Songea anaweza kuandikwa Dar es Salaam, na wa Lodwar akaandikwa Nairobi. Kwenye simu za Apple hali inafanana na hiyo upande wa kumbukumbu: tangu mwaka 2019 Safari hufuta baada ya siku 7 vidakuzi vilivyowekwa na JavaScript, hivyo msomaji anayerudi kila baada ya wiki mbili huhesabiwa mgeni mpya kila mara, bila pengo lolote kuonekana. Kisha wapo wasiofika kwenye ripoti kabisa. Opera Mini inapobana ukurasa kwenye seva zake ili kuokoa bando la mtumiaji, JavaScript hupewa muda mfupi tu wa kufanya kazi huko, na kipande cha kuhesabu kinaweza kisimalize kazi yake. Mtandao ukiwa mzito, msomaji hufunga ukurasa kabla kipande hicho hakijapakuliwa. Watu hawa hawana hata mstari wa "not set". Wanaacha alama mahali pamoja, kwenye kumbukumbu za seva, ambako programu ya seva, kama Apache au Nginx, huandika kila ombi lililofika. Kumbukumbu hizo zina roboti wengi na lazima zichujwe, lakini kulinganisha makala moja, kwa siku moja, kati ya seva na Analytics, na kutazama ni simu za aina gani zinazopotea njiani, ni kazi ya mchana mmoja inayofundisha kuliko ripoti za mwaka mzima.

Je, tofauti hizi zina uzito wowote, au ni vumbi linalojisawazisha lenyewe? Swali hili wanatakwimu walilijibu zamani. Mwaka 1976 Donald Rubin alichapisha kwenye jarida la Biometrika makala iliyotenganisha hali tatu za data kukosekana. Katika ya kwanza, kukosekana hakuhusiani na chochote. Katika ya pili, kunahusiana na mambo tunayoyajua, kama aina ya simu, na yanaweza kuingizwa kwenye hesabu. Katika ya tatu, kunahusiana na jambo lilelile lililokosekana, na hapo hakuna hesabu inayoweza kukuokoa bila kuleta habari nyingine kutoka nje. Anayefuta mistari ya "not set" anachukulia kwamba yuko kwenye hali ya kwanza. Chanzo cha wageni wa WhatsApp kiko kwenye hali ya tatu: kinakosekana kwa sababu ni WhatsApp. Ukigawa ziara za "direct" kwa uwiano wa Google, Facebook na X, umewapa hao watatu watu ambao ungekuwa na jina lao kama wangetoka huko.

Mfano mkubwa wa hatari hii ni wa kabla ya kompyuta. Mwaka 1936 jarida la Marekani la Literary Digest lilituma karatasi za maoni kwa watu wapatao milioni 10 likiuliza watampigia nani kura ya urais. Zilirudi zaidi ya milioni 2. Jarida likatabiri kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Orodha ya majina waliyoitumia ilikuwa na upendeleo, ikitokana na wenye simu na magari, lakini pia waliorudisha karatasi walikuwa na mwelekeo tofauti na wasiorudisha. Milioni zile karibu 8 zilizokaa kimya zilikuwa na mwenyewe, na jarida halikujiuliza ni nani.

Kuna watakaosema kwamba pengo la asilimia tatu au nne halistahili kelele zote hizi. Kwa jumla ya tovuti huenda ni kweli. Lakini asilimia hiyo haijatandazwa sawa kwenye kurasa zote; inaweza kuwa karibu na sifuri kwenye habari za michezo na kuwa nusu ya ziara zote kwenye ukurasa wa kilimo. Kabla ya kusema pengo ni dogo, lipasue kwa ukurasa, kwa simu na kwa nchi. Likibaki dogo kila mahali, achana nalo kwa moyo mweupe. Kuna kazi nyingine za kufanya.

Wengine watasema Google yenyewe inakisia kilichokosekana, basi kwa nini sisi tusikisie? Ni kweli kwamba Analytics ina mfumo wa kukadiria mwenendo wa watu waliokataa vidakuzi kwa kuwatazama waliokubali. Lakini masharti yake yako wazi: tovuti iwe na angalau matukio 1,000 kwa siku kutoka kwa waliokataa, kwa siku 7 au zaidi, na angalau watumiaji 1,000 kwa siku waliokubali, kwa siku 7 kati ya 28 zilizopita. Gazeti la mkoa au duka la ushonaji halifiki hapo. Kama Google, pamoja na data yake yote, haithubutu kukisia chini ya kiwango hicho, mwenye wageni 200 kwa siku ana sababu ndogo zaidi ya kuthubutu kwa kikokotoo. Anayejaza sifuri naye hajakwepa kukisia. Kwenye Ghuba ya Guinea, pale latitudo 0 inapokutana na longitudo 0, hakuna kitu ila bahari na boya la kupimia hali ya hewa. Hata hivyo data nyingi za ramani duniani hujirundika hapo, kwa sababu programu zilipokosa mahali ziliandika sifuri. Wachora ramani wamepabandika jina la Null Island.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi kuliko hizo mbili: ikiwa mapengo ni hatari hivyo, basi tuyazibe kwa kukusanya zaidi, tuombe namba ya simu, tufuatilie kifaa, tuhifadhi kila kitu. Hapa nasimama upande wa pengo. Mtu aliyekataa kufuatiliwa ametoa jibu, na jibu hilo lina ulinzi wa sheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data ilianza kutumika Mei 2018, nayo inamgusa mwenye tovuti ya Kiswahili anayewalenga wasomaji walioko Ujerumani au Sweden. Kenya ina sheria yake ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Uganda pia ya mwaka huohuo. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Kutafuta hitilafu kuna mpaka wake: kinachozibwa ni pengo lililoletwa na uzembe wetu, yaani kiungo kisicho na alama, ukurasa uliosahaulika, seva inayotuma matukio nusunusu. Pengo lililowekwa na msomaji kwa hiari yake linaandikwa kama lilivyo na kuachwa.

Kwa ofisi isiyo na fundi wa kudumu, kazi yote hii ni ndogo kuliko inavyosikika. Mara moja kwa mwezi mtu mmoja afungue safu tatu, chanzo, ukurasa wa kuingilia na mji, aandike pengo la kila moja ni asilimia ngapi na kama limebadilika tangu mwezi uliopita. Likiruka ghafla, abofye mwenyewe kiungo kinachoshukiwa kwa simu ya kawaida na aangalie kwenye ripoti ya wakati huohuo kama ziara yake imefika na alama zake. Akirekebisha, aandike tarehe, kwa kuwa takwimu za kabla ya tarehe hiyo hazitabadilika na mwakani mtu mwingine atazilinganisha bila kujua. Ripoti inayokwenda kwa bosi au kwa mfadhili itaje sehemu isiyojulikana kando ya kila namba inayojulikana. Na pale ambapo programu haiwezi kujua, aulizwe mtu mwenyewe: mteja anapoagiza kitambaa kwa simu, muuzaji amuulize alituona wapi. Majibu hayo yawekwe kwenye daftari lake, yasichanganywe na hesabu za Analytics, kwa sababu hata hao waliojibu ni wale tu walionunua na wakakubali kujibu.